Mama Matone na Kandambili za Kijani

Wanachuo ndio waliomwita Mama Matone, na jina likamkaa. Popote ulipomkuta katika chuo kile cha ualimu, iwe kwenye mtaro nyuma ya bwalo, iwe chini ya tangi la maji ya mvua, iwe kwenye vyungu vya maua mbele ya ofisi ya mkuu, alikuwa ameinama na mrija wake wa kioo wenye mpira kichwani, anavuta tone la maji machafu taratibu kama mtu anayemtia mtoto mchanga dawa ya macho. Tone liliingia kwenye kichupa, kichupa kikazibwa, kikatumbukizwa kwenye mfuko wa koti lake jeupe, naye akaendelea na hamsini zake. Mfuko ule ulikuwa na doa la kijani lililoshinda sabuni za kila aina.

Kuvuta matone haikuwa kazi aliyoajiriwa. Alikuja chuoni akiwa na miaka ishirini na mmoja kuosha vyombo vya maabara: chupa, neli, bilauri, vipande vya vioo vya hadubini. Shule aliikatiza njiani baba yake alipofariki, kabla darasa lao halijafika kwenye somo la seli. Fundi wa maabara wa siku hizo alikuwa mzee mkavu, mchache wa maneno, aliyeshinda jicho limenasa kwenye hadubini. Binti aliosha vyombo wiki tatu nzima akimtazama mgongo. Wiki ya nne uvumilivu ukamwishia.

"Shikamoo mzee. Samahani, unatazama nini humo tangu asubuhi?"

"Marahaba. Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Nawa tena."

Akanawa tena. Mzee akasogea pembeni bila neno, naye akainamisha kichwa. Lilikuwa ganda jembamba la kitunguu tu, lakini yeye aliona vyumba, safu kwa safu, kila kimoja na ukuta wake, na ndani ya kila kimoja kidoa kama mtu aliyelala.

"Ni nyumba hizi!"

"Ni seli."

"Na humo ndani anakaa nani?"

Mzee yule, ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata akitabasamu, alicheka hadi akavua miwani kufuta macho. Tangu siku hiyo akawa anamwita kila alipopata kitu kizuri cha kutazama. Alipostaafu miaka tisa baadaye alimwachia funguo za makabati, daftari la namna ya kuchanganya rangi za kupakia sampuli, na onyo moja: asimruhusu mwanachuo yeyote kugusa skrubu kubwa ya ile hadubini nzuri.

Chuo hakikuajiri fundi mwingine. Barua zilisema wataajiri, barua zenyewe zikazeeka. Mama Matone akawa fundi kwa vitendo na mwosha chupa kwa cheo, na hali hiyo ikaenda miaka kumi na saba. Hakuinung'unikia sana. Funguo alikuwa nazo, hadubini alikuwa nayo, na dirisha la maabara lilipokea jua zuri la asubuhi.

Kandambili za kijani zilitokea siku ya Jumanne. Wanachuo walikuwa wanakaribia somo la viumbe vya seli moja, naye akaenda kuchota maji kwenye kidimbwi kilichojitengeneza chini ya tangi. Katika maji ya aina hiyo hupatikana kijidudu cha seli moja chenye umbo la soli ya kiatu, kimezungukwa na vinyweleo vinavyokisukuma kama makasia. Mama Matone alikuwa akivifuga vijidudu hivyo miaka yote kwa maji yenye punje chache za mchele uliochemshwa, na kwa sababu ya umbo lao alivibatiza kandambili. Kandambili alizozijua yeye hazikuwa na rangi. Hizi zilikuwa kijani kibichi.

Hakushtuka mara moja. Alijiambia zimekula mwani, chakula kikishasagwa zitarudi kuwa kama zamani. Jumatano akachungulia: kijani. Alhamisi: kijani. Ijumaa zilikuwa zimeshajigawa na kuzaliana, na watoto nao kijani vilevile. Halafu akaona kitu kingine. Zote zilijazana upande wa chupa unaoelekea dirishani, na alipoigeuza chupa, baada ya muda zilihama kundi zima zikafuata mwanga.

Akamwita mwalimu wa biolojia. Mwalimu huyu alikuwa mgeni pale, binti wa miaka ishirini na tisa, mrefu, mwenye sauti iliyosikika korido nzima, na ndiye mwalimu wa kwanza kuvuta kiti maabara akamuuliza Mama Matone yeye anaonaje.

"Mwalimu, hebu niangalizie. Kandambili zangu zimekula mwani, leo siku ya nne hazijausaga. Au zinaumwa?"

Mwalimu aliinama, akazungusha skrubu ndogo. Halafu akapiga ukelele uliomtoa mtunza maktaba mlangoni kwake.

"Mama! Umezitoa wapi hizi?"

"Kidimbwini, pale chini ya tangi."

"Haziumwi hizi. Na huo mwani haujaliwa. Unakaa."

"Unakaa vipi?"

"Uko hai humo ndani. Unatengeneza sukari kwa jua, nyingine unampa mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye anaulinda, anaupeleka penye mwanga. Ndiyo maana zinakimbilia dirishani."

"Na unahama lini?"

"Hauna mpango wa kuhama."

Mama Matone akavuta kiti, akakaa. Mwalimu alipoona mtu amekaa, naye akakaa, na mchana ule wote wawili hawakwenda kula. Mwalimu alimweleza kwamba hapo mwanzo, kwa muda mrefu ajabu, duniani palikuwa na seli ndogo, nyepesi, zisizo na vyumba ndani wala kiini. Kisha, zaidi ya miaka bilioni moja na nusu iliyopita, seli moja ikaingiwa na bakteria, au ikamchukua, hapo wataalamu bado wanabishana. Bakteria hakufa. Alijua kutumia oksijeni kutoa nguvu katika chakula, kazi ambayo mwenyeji wake hakuiweza. Wakaishi pamoja, wakazaliana pamoja, vizazi kwa vizazi, hadi ikawa hakuna anayeweza kuishi bila mwenzake. Wajukuu wa bakteria yule ndio mitokondria, na wamo katika karibu kila seli ya kila mnyama, kila mmea, kila uyoga. Baadaye seli nyingine ya ukoo uleule ikakaribisha bakteria wa kijani anayejua kupika kwa jua, na huyo ndiye akawa kloroplasti, ile kijani unayoiona kwenye majani.

"Ngoja kwanza," Mama Matone alisema. "Kwa hiyo hapa mkononi kwangu..."

"Mkononi, moyoni, kila mahali. Wanajigawa wenyewe kama bakteria, wana utando wao, na mpaka leo wana kipande kidogo cha vinasaba vyao. Vingine walishahamishia kwenye kiini cha seli."

"Walijuaje yote hayo bila kuwepo?"

"Aliyelisema kwanza walimcheka, Mama. Miaka mingi walicheka. Ikabidi wavisome hivyo vinasaba vyenyewe, wakakuta vinafanana na vya bakteria. Kicheko kikaisha."

Jioni hiyo alirudi nyumbani na kichupa mfukoni, akakiweka dirishani jikoni. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mnene wa mwili na mwepesi wa maneno. Alikitazama kile kichupa, akamtazama mkewe.

"Mama watoto, mimi watu wakiona maji ya kijani wananiita niyasafishe. Wewe unayaleta ndani?"

"Usiyaguse hayo."

"Siyagusi. Ila yakianza kuongea, mimi nahama."

Mwisho wa muhula ule binti yao wa kwanza alikaribia kujifungua, na Mama Matone akaomba likizo kwenda kumuuguza. Alikaa kwake wiki saba. Mtoto alizaliwa wa kike, mdomo mdogo kama tundu la kifungo, na bibi hakuchoka kumshika. Alikuwa amesikia kwa Mwalimu kwamba mitokondria mtu huzipata kwa mama yake, kwa kuwa zinakuja na yai, na alipomwogesha mtoto aliwaza kwamba yale mambo yaliyotoka kwa mama yake marehemu yamepita kwake, yakapita kwa binti, sasa yamo katika vidole hivi anavyovipangusa. Akamwambia binti yake.

"Mama," binti alisema kwa uchovu wa siku ya nne bila usingizi, "sasa hivi mimi nataka uji tu."

"Uji unakuja. Lakini na hilo ulijue."

Aliporudi chuoni alikuta maabara inang'aa. Mafundi rangi walikuwa wamepita likizoni, na kwa nia njema kabisa, wasije wakadondoshea rangi, walikusanya chupa zake zote wakazifungia ndani ya kabati la mbao. Wiki sita gizani. Alifungua kabati, akainua chupa juu ya mwanga. Maji yalikuwa meupe.

Hakupiga kelele. Alivuta tone, akaliweka chini ya hadubini, akatazama. Kandambili zilikuwepo, chache, zimekonda, zikijipigia makasia. Lakini hakuna hata nukta moja ya kijani. Gizani mwani haukuwa na kazi, na ulikuwa umeisha. Mama Matone alikaa pale na koti lake jipya la likizo hajalivua.

Mwalimu ndiye aliyemkumbusha. "Kile cha jikoni je?"

Kile cha jikoni kilikuwa kizima. Fundi bomba alikuwa amekiangalia wiki zote saba, akakitilia maji ya mvua yalipopungua, na alipoulizwa alijibu kwamba aliambiwa asiguse na yeye hakugusa, alimimina tu. Kijani kilikuwa kimekolea kuliko mwanzo.

Mtu mwingine angemimina kidogo kwenye chupa kubwa, mambo yakaisha. Mama Matone alikaa na swali. Je, hizi nyeupe, zilizokwisha kuzoea kuishi peke yao, zingeupokea mwani tena? Akizichanganya hivi hivi hatajua ipi ni ipi. Akafikiri siku mbili. Siku ya tatu akachukua kandambili chache za kijani, akazivuta na kuzitoa, kuzivuta na kuzitoa katika sindano nyembamba hadi zikapasuka zote na mwani ukatawanyika majini. Alihakikisha chini ya hadubini kwamba haikubaki hata moja nzima. Ndipo akadondoshea maji yale kwenye kioo chenye zile nyeupe.

Ndani ya saa moja zilikuwa zimeumeza. Aliona chembe za kijani ndani ya vifuko vya kusagia chakula, na akaona, moja baada ya nyingine, zinageuka kahawia na kuisha. Zinaliwa. Alifunga maabara akaenda zake nyumbani.

Kesho yake alitazama tena. Nyingi zilikuwa nyeupe kama zamani. Lakini kulikuwa na moja, halafu nyingine, zenye chembe mbili tatu za kijani zilizojibanza ukutani, mbali na vifuko vya kusagia, zimetulia tu. Siku ya tatu chembe zile zilikuwa zimeongezeka. Alihesabu kandambili arobaini. Kumi na moja zilikuwa na wakazi.

Akamfuata Mwalimu darasani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, samahani sana. Zimewapokea."

Mwalimu aliacha chaki hewani, akaja mbio, na darasa zima nyuma yake.

Wiki mbili baadaye wakaguzi walipanga kuja kuangalia ufundishaji wa sayansi, na somo lililoangukia siku yao lilikuwa hilohilo, asili ya seli changamani, zile zenye kiini. Asubuhi ya siku hiyo Mwalimu aliamka hana sauti kabisa. Yule ambaye sauti yake ilivuka ukuta alibaki anapumua tu kama gurudumu lililotoboka. Mkuu wa chuo alipofika maabara, Mwalimu alimpa karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: MAMA AFUNDISHE.

Mkuu akamgeukia. "Mama, utaweza?"

"Hadubini ziko tayari," Mama Matone alijibu, kwa sababu hilo ndilo jibu pekee alilokuwa na hakika nalo.

Wanachuo thelathini na wawili walikaa, wanne wanne kwa kila hadubini. Wakaguzi walikaa nyuma, mwanamume mwenye daftari na mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia. Mama Matone alishika mrija. Alitoa tone la kandambili nyeupe, tone la kijani, na tone la zile kumi na moja na watoto wao, akawaacha watazame kwanza, bila kusema neno. Alikumbuka mwenyewe alivyofundishwa. Kelele zilipoanza kutoka meza hii na ile, ndipo akasimulia: kabati, giza, sindano, siku tatu.

Mwanachuo mmoja mbishi, ambaye wenzake walimwita Wakili, alinyoosha mkono.

"Mama, kwa nini mwingine umeliwa na mwingine umepona?"

"Sijui, baba. Nimeona tu kwamba mwingi umeliwa. Uliopona ni kidogo. Yeyote kati yenu akijua, aje aniambie."

"Basi hii kijani ndiyo kloroplasti?"

"Hapana. Huu mwani bado ni mwani. Ukiutoa unaweza kuishi wenyewe, mlango wake bado uko wazi. Kloroplasti na mitokondria waliingia zamani sana, vitu vyao vingi wakamkabidhi mwenye nyumba, sasa huwezi kuwatoa. Hizi kandambili hazituonyeshi jambo lenyewe lilivyokuwa. Zinatuonyesha kwamba linawezekana."

Mwalimu, kwenye kiti chake pembeni, aliitikia kwa kichwa mpaka hereni zikacheza.

"Sasa hapo," Wakili hakuchoka, "bosi ni nani? Anayekaa au mwenye nyumba?"

Mama Matone alifikiri. Kitabu hakikuwa na jibu la swali hilo, au kama kilikuwa nalo yeye hakulisoma.

"Nitakwambia la nyumbani kwangu. Baada ya baba kufariki, mama yangu alikuwa na chumba cha uani. Akaja fundi mmoja wa mradi wa maji, ana begi moja, akasema anapanga miezi miwili. Mwezi wa kwanza akaziba paa. Wa pili akaingiza bomba jikoni. Mradi ukaisha, yeye hakuondoka. Mama akawa hawezi kulala mpaka amsikie amefunga geti. Siku hizi huyo mtu hata soksi zake hajui ziko wapi, ukimtoa nje leo hamalizi wiki. Na sisi bomba likipasuka tumekwisha. Niambie wewe, bosi ni nani?"

"Alienda wapi huyo fundi?" aliuliza msichana wa meza ya mbele.

"Yuko. Nina watoto watatu naye."

Darasa likalipuka. Yule mama mkaguzi alicheka miwani ikamwanguka kifuani. Mkuu wa chuo alijitahidi kukaza uso, akashindwa.

Kengele ilipolia hakuna aliyeinuka. Mkaguzi mwenye daftari alikuja mbele, akaomba naye atazame, na alitazama kwa muda ambao ungetosha kunywa chai. Alipoinua kichwa aliuliza Mama Matone ana cheo gani pale.

"Mhudumu. Naosha vyombo."

Yule bwana aliandika kitu, akapigia mstari.

Kabla hajafika nyumbani, Mwalimu alikuwa ameshatuma ujumbe kwa simu ya fundi bomba, kwa kuwa sauti hana lakini vidole anavyo. Fundi bomba alimsubiri mkewe mlangoni mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mbele ya wakaguzi mimi nimekuwa bakteria."

"Bakteria mzuri."

"Mzuri kiasi gani?"

"Bila wewe kusingekuwa na watu, wala miti, wala uyoga."

Alilipima hilo kidogo. "Uyoga pia?"

"Uyoga pia."

"Basi sawa," alisema, akampokea mkoba.

Barua ilikuja miezi minane baadaye, na safari hii haikusema wataajiri. Ilisema kwamba kwa kuzingatia kazi aliyoifanya kwa miaka mingi, yeye ndiye fundi wa maabara wa chuo. Aliisoma mara mbili, akaitia drooni, akaenda kuosha neli kwa sababu zilikuwa hazijaoshwa. Mumewe ndiye aliyeitoa, akaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, imepinda kidogo upande wa kushoto, na akakataa kukiri kwamba imepinda.

Jambo alilolipenda kuliko barua lilianza mwaka huohuo wanachuo walipomaliza. Wakili alikuja maabara na begi lake begani, amepangiwa shule ya mbali, akaomba tone. Mama Matone akamjazia kichupa, akamwandikia kwenye kikaratasi: mwanga wa dirishani, si jua kali; punje moja ya mchele, si mbili; maji ya mvua. Msichana wa meza ya mbele akaja naye. Kufika jioni walikuwa wamepita kumi na wanane.

Sasa hupata picha kwenye simu. Kichupa juu ya rafu ya darasa lenye madawati mapya. Kichupa kwenye dirisha lisilo na kioo. Watoto wamepanga foleni mbele ya hadubini moja, wa nyuma akiruka kuona. Wiki iliyopita Wakili alipiga mwenyewe, sauti ya unyonge, akaeleza kwamba zake zimekufa zote, alizitilia punje nne za mchele aliposafiri, maji yakaoza.

"Nne!" Mama Matone alisema. "Ulitaka zifanye sherehe?"

"Nisamehe, Mama."

"Haya, usijali. Kuna mtu wa huko anapita Alhamisi. Tafuta chupa safi, uisuuze mara tatu, bila sabuni."

Akakata simu, akachukua mrija, akaanza kumvutia tone jingine.